Hoteli ya patna watatu, bomba lililopasuka na renti ya miezi mitano: nani anamdai nani?

Tuanze na kisa chenyewe, maana hapa vifungu vya sheria bila kujua nani alifanya nini mwezi gani havitamsaidia mtu. Watu nimewaficha na pesa nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike, lakini mzozo wa namna hii Mombasa umejaa, na unaumiza watu ambao kosa lao kubwa ni kuaminiana bila karatasi.

Ni hoteli ya chakula upande wa Majengo, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana pilau na biriani, iko chini kwenye jengo la ghorofa na juu wanakaa wapangaji wengine. Patna ni watatu. Kuna mzee aliyetoa mtaji, kuna dada mpishi ambaye mkono wake ndio uliowaleta wateja, na kuna shemeji wa mzee aliyekuwa anaenda sokoni na kila mwezi anapeleka renti kwa ajenti wa mwenye nyumba. Walikubaliana kwa mdomo wagawane faida mzee 50, dada 30, shemeji 20 kwa kila mia. Jina la biashara limesajiliwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa mzee peke yake. Mkataba wa nyumba ni karatasi moja, miaka 3, renti 45,000 kwa mwezi, sahihi ni ya mzee juu ya jina la hoteli, na kuhusu ripea umesema tu kwamba mpangaji ataiweka sehemu yake katika hali nzuri, basi.

Mwezi wa nne masika yakashika. Bomba linaloshusha maji machafu ya vyoo vya ghorofani limepita ndani ya ukuta wa jikoni, likapasuka, yakawa yanachuruzika mpaka pale panapokaa masufuria. Dada akamwandikia mwenye nyumba WhatsApp, shikamoo mama, lile bomba limezidi, maji ya chooni yanaingia jikoni. Akajibiwa marahaba mwanangu, fundi atakuja Jumamosi. Jumamosi ikapita, akaandika tena, akaambiwa subiri mvua ipungue. Mvua haikupungua, maafisa wa afya wa kaunti wakapita, wakafunga jiko, na likakaa limefungwa siku 21. Mwishowe dada akatoa akiba yake mwenyewe, akaita plamba, ukuta ukabomolewa, bomba likabadilishwa kuanzia juu mpaka chini, ukuta ukapigwa plasta. Jumla 96,000. Vifaa ana risiti za hadwea, ufundi ulilipwa kwa M-Pesa.

Mzee kwa hasira akasema hatulipi renti mpaka huyu mama aturudishie pesa zetu. Hakuandika barua, hakwenda popote, alinyamaza tu na akaacha kulipa. Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, miezi mitano, 225,000. Katikati ya hapo, mwisho wa Juni, shemeji akajitoa, wakaagana vizuri, mzee na dada wakamwambia wewe nenda na amani, madeni tutabeba sisi. Hakuna aliyemwambia mwenye nyumba wala ajenti. Oktoba akaja okshenia na proklamesheni, yaani ile hati ya kuorodhesha mali itakayokamatwa, akaandika majokofu, jiko kubwa la gesi, meza, viti, na friji la kampuni ya soda, akawaachia siku 14. Na saplaya wa mchele naye kasikia, sasa anapiga simu kila saa anataka 310,000 zake.

Hapo ndipo kila mmoja akaanza kuangalia mlango wake. Dada anasema mimi sikusaini popote. Shemeji anasema mimi nilishatoka. Mzee anasema deni lenyewe si deni, tumekatana, pesa za bomba zimeingia kwenye renti. Mwenye nyumba anasema mkataba unasema mpangaji ndiye anayeweka vizuri, kwa hivyo bomba ni lao. Kwa maoni yangu wote wanne wamekosea, ila hawakukosea kwa kiasi sawa.

Nianze na nyumba. Mkataba wa miaka 3 wengi wanauona kitu kidogo, kumbe huo ufupi ndio ngao yao. Kenya kuna sheria ya Cap 301, ile ya maduka, hoteli na nyumba za chakula, na inasema upangaji wa biashara hizo ambao hauna maandishi, au una maandishi lakini hauzidi miaka 5, ni upangaji unaolindwa. Maana yake mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia renti kwa kuamka tu asubuhi, lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji akiipinga anapeleka shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara, lile tunaloliita BPRT, kabla tarehe ya notisi haijafika. Na kukamata mali kwa ajili ya renti, kwenye upangaji wa aina hii, ni jambo la kuombewa ruhusa kwenye baraza hilohilo, ni mojawapo ya mamlaka zake chini ya kifungu cha 12, na mahakama zetu zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba okshenia aliyetumwa bila ruhusa hiyo hayuko kihalali. Katika kisa hiki proklamesheni imekuja na barua ya ajenti pekee, hakuna order yoyote. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kabla hatujabishana nani anadaiwa nini ni kwamba yule okshenia anaweza kusimamishwa, na siku 14 zile ndizo za kufanyia kazi, si za kukaa kubembeleza.

Sasa bomba. Mstari wa kuweka sehemu yako katika hali nzuri unasomwa kwa sehemu uliyopewa. Rangi, soketi, kitasa, sinki lako, mfereji wako wa ndani, hayo ni yako, na Land Act ya 2012 kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji aweke jengo alilokodi katika hali ya kuridhisha. Lakini kifungu cha 65 kinaingiza ndani ya kila lease ahadi za mwenye nyumba hata kama mkataba umenyamaza, na moja wapo ni kwamba pale anapokodisha sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu na vitu vya pamoja ni vyake kuvitunza. Bomba linalobeba maji ya vyoo vya watu wengine kutoka ghorofani haliwezi kuwa la mpishi wa chini eti kwa sababu limepita kwenye ukuta wake, yeye hana hata ufunguo wa kule juu. Kwenye hili mimi sioni shaka, ripea ilikuwa ya mwenye nyumba.

Na zile meseji za WhatsApp ni dhahabu. Mwenye nyumba mara nyingi hujitetea kwamba sikuambiwa, na kwa ubovu ulio ndani ya sehemu aliyoikabidhi kweli huwa anahitaji kuambiwa kwanza ndipo alaumiwe, ila hapa kitu ni cha pamoja, kiko chini ya uangalizi wake, halafu juu ya hapo ameambiwa na amejibu kwa mkono wake mwenyewe kwamba fundi anakuja. Dada asizifute hizo meseji na asibadilishe simu ovyo. Azitoe skrinshoti, azichapishe, na aambatanishe cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zimetoka simu gani na nani amezitoa, watu wengi wanakwama hapo kwa kudhani picha ya simu inatosha.

Pale mzee alipoharibu ni kwenye kuacha kulipa kimyakimya, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu alikuwa na haki mkononi. Cap 301 imelifikiria hili jambo kabisa. Mwenye nyumba akishindwa kufanya ripea iliyo yake, baraza linaweza kuagiza ifanywe kwa gharama yake, na asipolipa, renti ikawa inalipwa kwa baraza mpaka gharama zitimie, na risiti ya baraza inahesabika kama umelipa renti. Au linaweza kumruhusu mpangaji afanye mwenyewe halafu akate kwenye renti. Njia ipo, imeandikwa, haihitaji ugomvi. Ukienda nayo, kila shilingi usiyompa mwenye nyumba ina karatasi nyuma yake. Ukiacha kulipa tu bila kusema, unachompa mwenye nyumba ni sababu, maana kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu kuomba kukutoa kama renti imekaa miezi miwili bila kulipwa tangu ilipofika siku yake. Hawa wamekaa mitano! Yaani mtu mwenye haki ya 96,000 amejiweka kwenye hatari ya kupoteza hoteli nzima, jina, wateja na eneo. Halafu angalia hesabu yenyewe, hata kama kukatana kungekuwa halali asilimia mia, 96,000 ni renti ya miezi miwili na siku chache, hiyo miezi iliyobaki alikuwa anazuia kwa msingi gani? Hasira si msingi.

Je, 96,000 zimepotea kwa sababu hawakuomba ruhusa kwanza? Sidhani. Kazi ilikuwa ya dharura, jiko limefungwa na kaunti, mwenye nyumba ameambiwa akazembea, na bei inaonyesheka. Ningeingia barazani nikiomba itambuliwe kwamba ripea ilikuwa yake na ikatwe kwenye malimbikizo, na ningekuwa mkweli kwamba ruhusa haikuombwa. Upande wa mwenye nyumba atasema plamba alilipwa ghali, basi hapo risiti za hadwea na statement ya M-Pesa zifanye kazi, na huyo plamba aandike maelezo mafupi ya alichokuta na alichobadilisha. Ikikubaliwa yote, deni la renti linashuka kutoka 225,000 mpaka 129,000.

Zile siku 21 za kufungwa ni habari nyingine. Kifungu cha 65 kinazungumzia pia renti kusimama kwa kiasi pale jengo linapoharibiwa na moto, mafuriko au ajali ambayo si uzembe wa mpangaji, likawa halifai kutumika. Bomba kupasuka ni ajali au ni uchakavu ulioachwa? Kuna hoja pande zote, na kwa siku 21 ingekuwa 31,500 za renti ya Aprili ambayo walishalipa. Ningeiomba, lakini nisingeipigia hesabu. Faida waliyopoteza wiki hizo tatu si ya kupeleka BPRT kabisa, lile baraza lina mamlaka liliyopewa na sheria yake tu, hasara ya biashara ni madai ya mahakama ya kawaida na yanahitaji vitabu vya mauzo, ambavyo hoteli hii haina zaidi ya daftari la dada.

Tuje kwa patna, maana hapa ndipo familia zinapovunjika. Dada anashikilia kwamba hakusaini. Ubia hauzaliwi na sahihi wala na cheti cha eCitizen, unazaliwa pale watu wanapofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida, na Partnerships Act ya 2012 imekaa kwenye msingi huo. Kugawana faida ni dalili kubwa sana. Angekuwa analipwa mshahara, hata mshahara unaopanda na mauzo, tungebishana, lakini huyu anachukua 30 kwa mia, anaamua menyu, anaajiri na kufukuza vijana wa kuhudumu. Ni patna. Na mzee aliposaini kwa jina la hoteli, kwa ajili ya nyumba ya hoteli, alisaini kwa niaba ya wote, hakusaini peke yake. Maana ya hili ni nzito, deni la biashara lililoingia ukiwa patna linaweza kukufuata mpaka kwenye mali yako binafsi, haliishii kwenye droo ya hoteli. Mwenye nyumba anaweza kushtaki kwa jina la hoteli chini ya Order 30 ya Civil Procedure Rules za 2010, na anaweza kudai atajiwe majina ya waliokuwa patna wakati deni linaingia. Kwa hiyo kule kutokusaini hakumfichi dada. Wangesajili ile aina ya ubia wenye dhima yenye kikomo, yaani deni la biashara linaishia kwenye biashara, ambayo Kenya ina sheria yake tangu 2011, tungekuwa tunaongea lugha nyingine, lakini hawakusajili.

Shemeji yeye ana kesi ngumu kuliko anavyodhani, na namhurumia kweli. Renti ya Mei na Juni, 90,000, iliingia akiwa ndani, hiyo haina mjadala. Ya Julai mpaka Septemba, 135,000, anasema nilishatoka. Mwenye nyumba ana majibu mawili. La kwanza, mkataba wa miaka 3 uliingiwa wewe ukiwa patna, na renti ya kila mwezi ni tunda la mkataba uleule. La pili, ni wewe uliyekuwa unaleta renti kwa ajenti, nilikujua wewe kama mwenye hoteli, na hakuna aliyeniambia umetoka, kwa hiyo nina haki ya kuendelea kukuhesabu. Hilo la pili ndilo linalowamaliza wengi. Kuagana ndani ya ubia ni jambo lenu, wa nje ambaye alikuwa anakushughulikia kama patna anahitaji kuambiwa. Barua moja tu kwa ajenti tarehe 30 Juni ingebadilisha kisa chake chote, na bora zaidi ingekuwa mwenye nyumba amekubali kwa maandishi kumwachia.

Na ile ahadi ya madeni tutabeba sisi? Ni ya kweli na ina nguvu, ila kwa waliotoa tu. Haimfungi mwenye nyumba, hakuwepo na hakukubali. Shemeji akibanwa akalipa, anageuka kwa mzee na dada anawadai walichoahidi, na hapo shahidi wa ile siku ya kuagana ni muhimu.

Saplaya wa mchele tumgawe vilevile kwa tarehe. Kati ya 310,000 anazodai, 180,000 ni mchele ulioletwa kabla ya mwisho wa Juni, na 130,000 ni wa baadaye. Lakini kuna jambo la kuangalia, mchele wa baada ya Juni umetoka kwa mtoto wake mwenye duka lake tofauti, ambaye ameanza kuleta Agosti na hajawahi kumwona shemeji wala kumsikia. Huyo wa pili hana msingi wa kusema nilimwamini shemeji, hakumjua. Baba yake anao kwa zile 180,000. Na hapa hakuna mkataba mmoja wa muda mrefu kama wa nyumba, kila gunia ni deni lake, hivyo shemeji anapona kwa 130,000 hata kama kwenye renti hakupona.

Sasa hesabu ya ndani, ambayo ndiyo niliyotaka watu waione kwa sababu karibu kila mtu anaikosea. Mzee alipiga hivi, deni la nyumba 129,000, dada beba sehemu yako 30 kwa mia. Si sawa. Zile 96,000 hazikutoka kwenye droo ya hoteli, zimetoka kwenye akiba ya dada. Patna akilipa gharama ya lazima ya biashara kwa pesa yake, biashara inamdai yeye? Hapana, yeye ndiye anaidai biashara. Kwa hiyo ile nafuu ya 96,000 kwenye renti si zawadi kwa wote, ni pesa ya dada iliyopita kwenye bomba ikatokea upande wa renti. Mzigo wa kugawana ni 225,000 nzima, yaani 129,000 za mwenye nyumba na 96,000 za dada.

Shemeji ameachiliwa kwa ahadi ya hao wawili, hivyo tunagawa kwa uwiano uliobaki, 50 kwa 30, ambao ni 5 kwa 3. Walikubaliana kugawana faida hivyo na hawakusema lolote kuhusu hasara, kwa hiyo hasara inafuata njia ileile ya faida. Mzee anabeba 140,625, dada 84,375. Dada ameshatoa 96,000, amezidisha 11,625. Yaani mpishi ambaye wote walikuwa wanamwambia aende akakope alipe sehemu yake hadaiwi hata shilingi ya renti, na ni yeye anayedai! Mwenye nyumba bado anaweza kumbana kama patna, hilo halibadiliki, lakini akibanwa anachukua kila kitu kutoka kwa mzee.

Ndani ya zile siku 14, hiki ndicho ningekifanya kwa mpangilio wake. Shauri BPRT chini ya hati ya dharura, kuomba okshenia azuiwe kwa sababu hana ruhusa ya baraza, na palepale kuomba ripea itambuliwe na kukatwa. Friji la soda liandikiwe barua tofauti kwa okshenia leo hii ikiwa na makaratasi ya kampuni, si mali ya hoteli na mwenye friji aarifiwe ajitetee mwenyewe. Renti ya Oktoba ilipwe, yote 45,000, hata kabla kesi haijaitwa, maana mtu anayeomba kulindwa huku analipa ya sasa husikilizwa tofauti na anayekuja mikono mitupu. Shemeji aandike barua yake kwa ajenti, kwa mwenye nyumba na kwa saplaya kwamba si patna tena, haitafuta ya nyuma lakini itaziba ya mbele. Halafu wapeleke pendekezo la kusikilizana, lisajiliwe kama order ya baraza ili lisije likageuzwa: 129,000 kwa awamu tatu za 43,000 pamoja na renti ya kila mwezi, okshenia aondoke na gharama zake zibebwe na aliyemtuma, mwenye nyumba akiri kwa maandishi kwamba bomba la ghorofani ni lake. Na kabla ya mzee kusaini pendekezo hilo, akae na dada waandike karatasi yao ya pembeni, kwamba awamu zote tatu zinatoka kwake na 11,625 za dada zinalipwa pamoja na ile ya mwisho.